Kupanga Ujuzi na Njia ya Kazi ya Wauguzi: Mwongozo kwa Wauguzi Wafawidhi wa Hospitali za Halmashauri

Orodha ile ya mzunguko wa wodi niliisaini mwenyewe. Ilikuwa kama orodha zote za Januari: jina, anakotoka, anakokwenda. Mstari wa nne ulikuwa wa dada mmoja niliyempeleka hospitali ya rufaa wiki mbili, akajifunze kumhudumia mtoto njiti kwa mashine ya CPAP, ile inayosukuma hewa puani ili mapafu yasisinyae. Alirudi, akakaa kitengo cha watoto wachanga miezi minne, zamu yake ya kuhama ikafika, akaenda wodi ya wanaume. Mwenzake waliyesoma naye alikuwa likizo ya uzazi.

Usiku mmoja wa Machi akazaliwa mtoto wa gramu 1,400, anaguna kila akitoa pumzi, mbavu zinaingia ndani. Mashine ilikuwa palepale ukutani, imefunikwa shuka la kijani la chumba cha upasuaji, na hapakuwa na mtu wa kuiwasha. Wauguzi wa zamu walimfunga mtoto kifuani kwa mama yake, wakawapakia kwenye gari la wagonjwa, safari ya kilomita 90. Mtoto alifika hai. Asubuhi ndipo nilipojua kwamba usiku huohuo yule dada alikuwa kazini, wodi ya wanaume, hatua kama sitini kutoka pale. Hakuna aliyemwita, kwa sababu hapakuwa na mahali popote palipoandikwa kwamba anajua.

Tangu siku hiyo nimepanga wauguzi kwa namna nyingine, na hatua zake nimeziandika hapa chini. Nimeziandika kwa hospitali ya halmashauri ya Tanzania kwa sababu ndiyo ninayoijua. Hospitali ya misheni au ya binafsi itabadilisha majina ya ofisi tu.

Hatua ya 1: Andika huduma kabla ya majina

Ukianza na orodha ya watumishi utajikuta unawagawa watu uliowazoea kwenye kazi walizozizoea. Weka orodha hiyo pembeni. Chukua karatasi, andika huduma ambazo hospitali yako itakuwa inatoa miaka mitatu kuanzia leo. Miaka mitatu inatosha mtu kwenda shule na kurudi, na majengo yake mengi unayaona tayari yanapandishwa.

Kwa hospitali nyingi za halmashauri orodha hii inafanana. Mkopo wa IMF wa mwaka 2021, zile shilingi trilioni 1.3 za mpango wa ustawi na mapambano dhidi ya UVIKO-19, ulijenga majengo ya dharura na vyumba vya wagonjwa mahututi mahali ambapo majeruhi wa bodaboda alikuwa akipokelewa kwenye benchi la wagonjwa wa nje. Vitengo vya watoto wachanga vimeongezeka. Kliniki ya kisukari na shinikizo la damu, iliyokuwa Jumatano tu, sasa inadai wiki nzima. Halafu kuna Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023. Mwananchi mwenye kadi haogopi kuja mapema, kwa hiyo tarajia mahudhurio kuongezeka. Tarajia pia kwamba faili lililoandikwa nusunusu na muuguzi litarudisha madai ya hospitali bila malipo.

Takwimu zako zipo ndani ya nyumba. Fungua rejesta za MTUHA, yaani vitabu vya takwimu za huduma za afya, za miaka mitatu, kisha fungua kitabu cha rufaa. Mimi kitabu cha rufaa ndicho ninachokipenda zaidi, maana kinaonyesha kazi ambayo wananchi wako wanaihitaji na wewe unaipeleka kwa jirani. Tukikuta wagonjwa wa aina moja wamejaza kurasa tano, hiyo ni huduma itakayogonga mlango wetu muda wowote.

Chini ya kila huduma andika vitendo, na kila kimoja kianze na kitenzi. "Uuguzi wa watoto wachanga" hausemi kitu. Hivi vinasema: kumsaidia kupumua mtoto aliyezaliwa halii, kwa begi na maski, ndani ya dakika ya kwanza, kumlisha kwa mrija, kupima na kurekebisha sukari na joto, kuwasha CPAP na kugundua inapovuja, kutumia taa za kutibu manjano, kukokotoa dozi kwa uzito wa gramu, kumwelekeza mama huduma ya kangaruu, yaani kumbeba mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, hadi aifanye bila kuogopa. Vitendo saba au nane kwa huduma vinatosha. Ukiandika thelathini hakuna atakayevipima.

Hatua ya 2: Hesabu saa

Hapa ndipo mipango mingi inapovunjika, kwa hiyo tusiharakishe. Shirika la Afya Duniani (WHO) lina njia yake ya kupima mahitaji ya watumishi kwa mzigo wa kazi, WISN, na kalamu na kikokotoo vinatosha kuifanya.

Kwanza tafuta muuguzi mmoja ana saa ngapi za kazi kwa mwaka. Mwaka una siku 260 za kazi ukihesabu siku tano kwa wiki. Toa likizo ya mwaka, siku 28 za kalenda, ambazo ni 20 za kazi. Toa sikukuu zinazoangukia katikati ya wiki, tuseme 14. Toa ugonjwa siku 5, mafunzo 6, misiba na dharura 3. Zinabaki 212. Zidisha kwa saa 8, unapata saa 1,696. Weka takwimu za hospitali yako kutoka kwenye majalada ya likizo, usikopi zangu.

Sasa chukua nafasi moja inayotakiwa kuwa na mtu usiku na mchana. Mwaka una saa 8,760. Gawa kwa 1,696, jibu ni 5.2. Kwa maneno mengine, ili kiti kimoja kisiwe kitupu saa 24 kwa mwaka mzima unahitaji wauguzi zaidi ya watano. Kitengo chenye watoto 12, mkikubaliana muuguzi mmoja kwa watoto wanne, kina viti vitatu kila saa. Hapo unahitaji wauguzi 15 hadi 16, na bado hujamhesabu aliye likizo ya uzazi ya siku 84. Mimi nilikuwa na saba, na kila mwezi nilikuwa nawauliza kwa nini wamechoka.

Tumia hesabu hiyohiyo kwenye ujuzi. Wale dada wawili niliowapeleka kusoma CPAP, hata kama wasingekutana zamu moja siku hata moja, walikuwa na saa 3,392 kati ya 8,760. Chini ya asilimia 40. Yaani siku nilipowapeleka wawili nilikuwa nimeshakubali, bila kujua, kwamba zamu nyingi mashine italala. Ukitaka ujuzi fulani upatikane kila saa, wenye nao wawe angalau sita.

Huduma za mchana tu zina hesabu nyepesi. Kliniki ya kisukari yenye mahudhurio 4,000 kwa mwaka, dakika 20 kila mmoja, inakula saa 1,333. Ongeza muda wa kuandika rejesta, taarifa za mwezi na vikao. Ukikadiria ni sehemu ya tano ya muda wa muuguzi, zidisha kwa 1.25. Unapata saa 1,667, karibu sawa na mtu mmoja kamili. Kwa hiyo ukimkabidhi inchaji, yaani muuguzi msimamizi, wa wagonjwa wa nje kliniki hiyo "aishike pembeni", jua umempa kazi ya pili nzima.

Hatua ya 3: Fungua daftari la ujuzi

Nunua kaunta buku au tumia kompyuta, ni sawa. Mistari ni majina, safu ni vitendo vya hatua ya kwanza, na katika kila kisanduku kuna namba moja:

0: hajawahi kufanya.
1: ameona au amefundishwa darasani.
2: anafanya akiwa na msimamizi.
3: anafanya mwenyewe, hata usiku wa manane.
4: anawafundisha wengine, na waliofundishwa naye wanaweza.

Patricia Benner, muuguzi wa Marekani, alieleza mwaka 1984 kwamba muuguzi hupita hatua tano kutoka mgeni wa kazi hadi mbobezi, na kwamba anaweza kuwa mbobezi kwenye eneo moja na mgeni kabisa kwenye jingine. Hilo la pili ndilo la kushika unapojaza visanduku. Dada mwenye miaka ishirini ya wodi ya wazazi anaweza kuwa na 4 kwenye kuzalisha na 0 kwenye mashine ya kusafisha damu, na hakuna aibu yoyote hapo.

Namba haitolewi kwa kuulizwa mtu "unajua?". Wote watasema wanajua, wengine kwa woga, wengine kwa kujiamini kupita kiasi. Simama naye. Kwa vitendo vya hatari tumia mdoli na saa. Nilipoanza, muuguzi mmoja aliyekuwa na cheti cha mafunzo ya kumsaidia kupumua mtoto mchanga alichukua sekunde 70 kupata maski inayokaa usoni, kwa sababu droo ilikuwa na maski za saizi ya watoto wakubwa. Siku hiyo tulijifunza mambo mawili kwa mpigo, moja la mtu na moja la droo.

Nakala ya ukurasa wa kila kitengo ibandikwe ndani ya chumba cha wauguzi, upande ambao ndugu wa wagonjwa hawauoni. Nakala nyingine ikae kwa msimamizi wa zamu ya usiku. Kwake ndiko daftari linakookoa watu, kwa sababu saa nane usiku anaangalia safu ya CPAP, anaona nani hospitali nzima ana 3, na anamwita.

Hatua ya 4: Tenganisha mapengo

Weka hesabu ya saa na daftari mezani pamoja. Pengo la idadi linaonekana kwenye saa. Pengo la ujuzi linaonekana kwenye safu zilizojaa 0 na 1. Pengo la mpangilio ni pale wenye 3 wapo lakini wako wodi nyingine au wote zamu ya asubuhi. Na pengo la vifaa ni kama ile droo. Kila moja lina dawa yake, na kosa la kawaida ni kutibu yote kwa semina.

Papohapo weka alama kwa wanaokaribia kuondoka. Kustaafu kwa lazima ni miaka 60, kwa hiari 55. Kwa hiyo kila aliyefikisha 55 mhesabu kama anaweza kuaga mwaka wowote. Wapo watakaohamia walipo wenzi wao, na wapo watakaokwenda nje. Kenya na Uingereza zilisaini makubaliano ya kuajiri wauguzi Julai 2021, na wauguzi wetu nao wanasoma matangazo hayohayo kwenye simu zao. WHO ilikadiria mwaka 2025 kwamba dunia imepungukiwa wauguzi milioni 5.8, kwa hiyo mlango huo hautafungwa kesho. Sioni sababu ya kumlaumu anayeondoka. Naona sababu ya kuhakikisha ujuzi wake haukuwa wa mtu mmoja.

Hatua ya 5: Chora njia za kazi

Ujuzi bila njia ya kupanda haukai. Muuguzi kijana anataka kujua atakuwa wapi akifika miaka 40, na tusipomwambia atatafuta jibu kwingine.

Anza na muundo wa utumishi, maana mshahara uko huko. Mwenye cheti ni Muuguzi, mwenye stashahada ni Afisa Muuguzi Msaidizi, mwenye shahada ni Afisa Muuguzi, na ndani ya kila kada kuna madaraja: la pili, la kwanza, mwandamizi na kuendelea. Muundo huu unapima elimu, miaka na utendaji. Hauoni kwamba mtu ana 4 kwenye CPAP. Ndiyo maana muuguzi hodari anapotaka kupanda hukuta milango miwili tu, awe inchaji na kushinda kwenye karatasi, au aende shule na kurudi akapangiwa kitengo kingine. Mgonjwa anampoteza kote kuwili.

Huwezi kubadilisha muundo wa serikali ukiwa hospitali, lakini unaweza kuweka ngazi ya ndani inayokwenda sambamba nao. Kwetu ina vidato vitatu. Cha kwanza ni mshika zamu, aliyefikisha 3 kwenye vitendo vyote vya kitengo; huyu ndiye anayekabidhiwa funguo na kitengo usiku. Cha pili ni mlezi wa ujuzi, mwenye 4 kwenye vitendo vitatu au zaidi, anayepewa wauguzi wawili wa kuwakuza. Cha tatu ni mratibu wa ujuzi wa hospitali nzima kwa eneo moja, kama watoto wachanga, wagonjwa mahututi au vidonda. Kila kidato kina barua ya uteuzi iliyosainiwa na Mganga Mfawidhi, nakala kwenye jalada la mtumishi, na majukumu yake yanaingizwa kwenye malengo yake ya PEPMIS, mfumo wa serikali wa kupima utendaji wa watumishi, ili msimamizi ayapime. Usiahidi posho ambayo mapato ya hospitali hayawezi kuibeba. Ahidi unachokimiliki: kipaumbele cha masomo, kutohamishwa kitengo bila mazungumzo, na barua.

Kisha chora njia nne ukutani zinazoanzia shina moja. Ya kitandani, kwa wanaotaka kubaki na mgonjwa. Huko mbele ipo shahada ya uzamili ya uuguzi wa wagonjwa mahututi na majeruhi pale MUHAS, Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, na kuna kozi za usingizi kwa wauguzi. Ya uongozi. Ya ualimu, yaani ukufunzi kwenye vyuo vya afya, ambavyo vinahitaji sana watu waliotoka wodini karibuni. Na ya afya ya jamii, kwa wale wenye moyo wa chanjo, huduma za majumbani na magonjwa ya muda mrefu. Mtu anaweza kuvuka kutoka njia moja kwenda nyingine. Wakunga hodari wawili niliowafahamu walikuja kuwa walimu bora kuliko nilivyotarajia.

Hapa pana shimo ambalo wengi wametumbukia. Muuguzi anakwenda shule kwa fedha zake, anarudi na shahada, kisha anakaa miaka kwenye kada ya zamani akisubiri kubadilishiwa. Kabla hajalipa ada, kaa naye kwa afisa utumishi mhakikishe mambo manne: ruhusa ya masomo imetoka kwa maandishi; kozi na chuo vinatambuliwa na NACTVET (kwa vyuo vya kati) au TCU (kwa vyuo vikuu) na Baraza la Uuguzi na Ukunga; nafasi ya kada mpya imeombwa kwenye ikama, yaani idadi ya nafasi za watumishi zinazoidhinishwa, ya mwaka atakaorudi; na anaelewa atakaa wapi kwenye tange, orodha ya ukubwa kazini, akibadilishiwa kada, kwa sababu Afisa Muuguzi Msaidizi Mwandamizi anaweza kuanza upya chini ya kada ya juu. Wapo wanaokubali hilo kwa furaha. Wengine, wakilijua mapema, huchagua njia nyingine, na ni haki yao kulijua.

Hatua ya 6: Kaa na kila muuguzi

Nusu saa kwa mtu, mara moja kwa mwaka, mlango umefungwa, simu imezimwa. Daftari likiwa katikati yenu, muulize: kazi gani ukiifanya muda unakwenda bila kujua? Zamu gani unaiogopa, na kwa nini? Miaka mitatu ijayo ungependa kuwa wapi? Nini nyumbani kinaweza kukuzuia? Swali la mwisho lina uzito. Mama mwenye mtoto wa miezi minane hawezi kwenda kozi ya miezi sita mkoa mwingine, lakini anaweza kufundishwa wodini, na mwaka unaofuata mambo ni tofauti.

Nilikaa na mama mmoja wa leba mwenye miaka 56. Nilidhani mazungumzo yatakuwa mafupi.

"Shikamoo mama. Wewe sijui nikupangie nini, umebakiza miaka minne."

"Marahaba mwanangu. Nipangie wasichana wawili."

"Wa kufanya nini?"

"Hao watoto wenu mashine ikizimika hawasikii moyo wa mtoto tumboni. Nitawafundisha fetoskopu. Au unataka haya masikio nistaafu nayo?"

Nilimpa watatu. Kila mmoja alikaa naye zamu ishirini, na kila mapigo waliyoyahesabu yalilinganishwa na ya kwake. Sikuwa nimeandika popote kwamba wanaokaribia kustaafu wana njia yao. Sasa imo: kuanzia 55, atakayekubali anapunguziwa zamu za usiku na anapewa wanafunzi.

Mwishoni mwa mazungumzo kila mmoja aondoke na ukurasa mmoja: ujuzi wa aina mbili au tatu atakaoukuza mwaka huu, nani atamlea, na kidato au masomo anayoyalenga. Nyote wawili msaini.

Hatua ya 7: Panga mafunzo kwa mfuatano huu

Kwanza wodini. Pili, kwenda kukaa hospitali ya rufaa wiki mbili hadi nne akifanya kazi, si kutembezwa. Tatu, masomo ya cheti, stashahada au shahada. Semina ya hotelini iwe ya mwisho, na iwe kwa jambo jipya kabisa.

Naweka wodini mbele kwa sababu nimeiona kazi yake, na ushahidi upo. Mradi wa Safer Births ulifanyika katika vituo 30 vya mikoa ya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza, na nguzo yake mojawapo ilikuwa wakunga kufanya mazoezi mafupi ya mara kwa mara kwa mdoli hapohapo kazini, wakitumia takwimu zao wenyewe kujirekebisha. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2025 yalionyesha vifo vya watoto vya wakati wa kuzaliwa na saa 24 za mwanzo vikishuka kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila vizazi 1,000, na vifo vya akina mama navyo vilipungua. Huhitaji mradi ili uanze. Dakika kumi baada ya kukabidhiana zamu, mdoli mmoja, mlezi wa ujuzi mmoja, mara mbili kwa wiki.

Sajili mazoezi hayo na uweke orodha ya mahudhurio ili yatambulike kama mafunzo endelevu, maana muuguzi anayahitaji anapohuisha leseni yake ya Baraza. Ukilifanya hili vizuri hutahitaji kumbembeleza mtu kuhudhuria.

Kwa masomo marefu nina sharti moja lisilo na upendeleo: wasiondoke wawili kwa wakati mmoja kutoka kitengo kimoja, na hakuna anayeondoka kabla ya kumfikisha mwenzake kwenye 3. Anaporudi anarudi kwenye kitengo alichokisomea. Andikeni hivyo kabla hajaondoka.

Hatua ya 8: Ulinde ujuzi dhidi ya mzunguko

Mzunguko wa wodi una faida zake. Muuguzi mpya anapaswa kuzunguka mwaka wake wa kwanza wote, na wodi nzito zisiwe adhabu ya kudumu kwa watu fulani. Ninachokataa ni mzunguko wa kila mtu, kila Januari, bila kuangalia daftari. Kanuni zetu ni hizi. Mwenye 3 au 4 kwenye kitendo adimu hahami kabla ya miezi 24, isipokuwa kwa ombi lake au sababu ya afya. Kitengo hakibaki na pungufu ya wauguzi sita wenye 3 kwenye vitendo vya kuokoa maisha. Anayehama anarudi zamu mbili kila mwezi kwenye kitengo chake cha awali ili mkono usisahau. Na orodha ya mzunguko haisainiwi mpaka daftari liwe limefunguliwa mezani.

Kuna watakaosema unapendelea. Waonyeshe kanuni, na waonyeshe kwamba kila mtu anaweza kufika kwenye 3 akitaka.

Hatua ya 9: Peleka kwenye ikama na bajeti kwa wakati

Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai, lakini maombi ya ikama na Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri huandaliwa miezi mingi kabla. Ukizinduka Mei umechelewa mwaka mzima. Uwe na hesabu zako kufikia Oktoba, umpelekee Mganga Mkuu wa Wilaya na Katibu wa Afya ukurasa mmoja. Sentensi ya "tuna uhaba mkubwa wa wauguzi" wameisoma mara nyingi. Andika: "Kitengo cha watoto wachanga kina viti vitatu vya saa 24, vinahitaji wauguzi 16, tunao saba, wenye uwezo wa CPAP ni wawili, zamu zilizokosa mwenye ujuzi huo mwezi uliopita ni hizi hapa." Ambatisha ratiba ya zamu. Karatasi ya namna hiyo mimi ilinipa wauguzi watatu kwa uhamisho wa ndani ya halmashauri ndani ya miezi mitano, kabla ya ajira mpya yoyote.

Wenzangu wa Kenya, afya iko mikononi mwa kaunti tangu 2013, kwa hiyo karatasi hiyohiyo inakwenda kwa idara ya afya ya kaunti na bodi ya utumishi wa umma ya kaunti. Nanyi mna kozi nyingi za kubobea za KMTC, chuo chenu cha mafunzo ya tiba, ambazo zinaingia vizuri kwenye njia ya kitandani.

Hatua ya 10: Pitia kila robo mwaka

Saa moja, mainchaji wote, daftari na ratiba za zamu za miezi mitatu. Hesabuni mambo matatu tu: zamu ngapi zilikosa mwenye 3 kwenye vitendo vya kuokoa maisha, wangapi wamepanda namba, na wangapi wameondoka au wametangaza kuondoka. Mwezi wa kwanza tulipohesabu, kitengo cha watoto wachanga kilikuwa na zamu 51 kati ya 93 bila mtu wa CPAP. Mwaka mmoja baadaye zilikuwa 12, na nyingi zilikuwa za wiki ya Krismasi.

Muuguzi Mfawidhi naye huhamishwa, na nimeona mipango mizuri ikihama naye ndani ya laptopu yake. Daftari la ujuzi, kurasa za mazungumzo na kanuni za mzunguko ziandikwe kwenye hati ya makabidhiano ya ofisi kama zinavyoandikwa funguo na mihuri. Anayekupokea mpeleke wodini usiku mmoja kabla hujaondoka, mkae na msimamizi wa zamu, alione daftari likitumika.